Sehemu ya Kumi ya Uchungu

Lusungu alipobisha hodi, Edeltruda Mapunda alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, anafuma sweta la rangi ya ugoro.

"Karibu, mwanangu. Sogea motoni. Baridi ya Makambako leo imeamka vibaya."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiangalie kikuku kwanza. Niangalie mimi."

Lusungu aliona haya. Kweli macho yake yalikuwa yameshakimbilia kwenye mkono wa kushoto wa mama yule, palipokuwa na kikuku chembamba chenye taa ya kijani. Ndivyo alivyofundishwa chuoni: taa kwanza, salamu baadaye. Alikuwa mhudumu wa mtaa, kazi iliyoanzishwa baada ya hospitali kuu ya wagonjwa wa akili kufungwa na majengo yake kugeuzwa chuo cha kilimo. Lilibaki jengo moja tu, liitwalo Wodi ya Akiba, kwa ajili ya wale ambao mitaa ingeshindwa kuishi nao.

Edeltruda alikaa katika hospitali ile zaidi ya miaka ishirini. Alipotoka alirudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake, Mtaa wa Mashineni, akakuta majirani kumi wameshavishwa vikuku vyao, wanamsubiri kwa wali na maharage.

Sasa alinyanyua birika amimine chai. Mfuniko ukateleza, maji ya moto yakamwagikia kidole.

"Aa!"

Taa iligeuka kuwa ya njano. Hata kabla hajakitia kidole mdomoni, mlango wa nyumba ya pili ulifunguliwa kwa kishindo.

"Dada Ede! Vipi huko?"

Mama Joha, kiongozi wa duara la majirani, aliingia akiwa na unga hadi kwenye viwiko, amekikamata kikuku chake mwenyewe kana kwamba ndiye aliyeungua. Nyuma yake alikuja fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Chai tu," alisema Edeltruda. "Rudini kwenye kazi zenu."

Vikuku vilifanya kazi hivyo. Kikuku mama kilisoma mapigo ya moyo, jasho na pumzi za aliyekivaa. Akipatwa na maumivu, yawe ya mwili au ya moyo, kiliyagawa mafungu kumi na kuyatuma kwenye mishipa ya fahamu ya majirani. Kila mmoja alipata sehemu ya kumi. Kwa mwenye maumivu hayakupungua kitu, lakini ile sehemu ya kumi ilitosha kumfanya jirani aache alichoshika aje mbio. Kilibeba pia sauti: maneno yaliyosemwa karibu nacho yalisikika kwenye kituo cha mkoa, na mashine ya huko iliyachuja.

"Hebu kaeni basi, mkishakuja mmekuja," alisema Edeltruda, akainua sweta. "Hili ni la mdogo wangu Ottilia. Bado anaumwa kifua huko Songea. Mnaonaje, mikono iko sawa?"

Lusungu alitazama. Mkono wa kulia ulikuwa umeuzidi wa kushoto kwa karibu kiganja kizima.

"Iko sawa kabisa," alisema Mama Joha upesi.

"Limependeza," alisema fundi cherehani, mtu ambaye riziki yake yote ilikuwa kupima mikono ya nguo. Aliyasema hayo akiangalia dari.

Walipoondoka, Edeltruda alilaza sweta mapajani na kulinyoosha taratibu.

"Kule wodini kulikuwa na muuguzi mmoja, Sista Gaudensia, mkali kama pilipili. Angeliona hili angeniambia, 'Mapunda, fumua takataka hiyo.' Nilimchukia sana yule mwanamke. Sasa kuna siku namkumbuka. Hapa hakuna anayenibishia, mwanangu. Nikisema leo ni Jumapili, mtaa mzima utavaa nguo za kanisani."

"Wanakupenda, mama."

"Najua wananipenda. Ila mtani wangu Chang'a ndiye sijui kaniacha kwa kosa gani. Alikuwa anapita hapo mlangoni kunitukana, nafurahi. Siku hizi akiniona anavuka barabara."

Lusungu alifungua kishikwambi chake. Mstari wa mapigo ya Edeltruda kwa wiki mbili zilizopita ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Kituo kilikuwa kimemwekea nyota ya pongezi. Lusungu aliitazama ile nyota kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe, akiwa mzima, moyo wake haukuwahi kunyooka hivyo hata kwa siku moja.

*

Mashine ya kusaga ya Mzee Augustino Chang'a ilikuwa kwenye kona, chini ya paa la paneli za jua, na mngurumo wake ndio uliompa mtaa jina. Alipomwona Lusungu aliizima, akajipangusa unga kwenye nyusi.

"Binti wa vikuku. Nimefanya nini tena?"

"Shikamoo, mzee. Hujafanya kitu. Mama Mapunda anauliza kwa nini umemsusa."

Chang'a alicheka bila furaha, akamwonyesha gunia akae.

"Wewe ni mtu wa hapa hapa. Sina haja ya kukueleza utani."

Hakuwa na haja. Wangoni na Wahehe walipigana zamani za mababu, kisha wakapatana, vita ikabaki ya maneno. Mhehe anaweza kumwita Mngoni mateka wake mbele ya padri, na Mngoni naye akamjibu hayo hayo. Kwenye msiba ndipo watani wanapofanya kazi yao hasa, wanaigiza marehemu, wanazuia jeneza mpaka wapewe kuku. Atakayekasirika ataonekana hakulelewa.

"Siku aliyorudi," alisema Chang'a, "nilimwambia, 'Mateka wangu! Kumbe ulitoroka! Tumekutafuta miaka yote uje ututwangie mahindi.' Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini kidude hiki," akakigonga kikuku chake kwa ukucha, "kilihesabu kicheko kile kuwa maumivu, kikanichoma kama kaa la moto. Jioni nikapigiwa simu na sauti ya kituoni. Eti nimetumia maneno ya unyanyapaa kwa mgonjwa. Nikirudia, natolewa kwenye duara."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini? Mtaa ulihangaika sana kupata watu kumi. Wengi walikataa, wanasema wana uchungu wao unaowatosha. Nikitolewa mimi, wanabaki tisa, na wakibaki tisa anarudishwa kule. Kwa hiyo nikaamua kuwa mtu mzuri." Alilitamka neno 'mzuri' kana kwamba lilikuwa na pumba ndani yake. "Sasa namsalimia kwa mbali, 'Habari za asubuhi, mama.' Mama! Mngoni huyo!"

Lusungu alitabasamu, halafu akakumbuka ule mstari ulionyooka.

"Mzee, kuna kitu kingine mnanificha?"

Chang'a alitazama nje. Alichukua ufagio, akafagia mahali palipokuwa safi.

"Muulize Mama Joha."

"Nakuuliza wewe."

"Ottilia amekufa," alisema mzee. "Ameshazikwa. Wiki ya pili hii."

Simu zote za mgonjwa zilipitia kwanza kwa kiongozi wa duara. Ndivyo utaratibu ulivyotaka. Mama Joha alipopokea ile ya Songea alifanya kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Hakumrushia mtu habari ya kifo usoni. Alikwenda akamwambia Edeltruda kwamba mdogo wake ana mafua. Jioni akaongeza kwamba yameshuka kifuani. Kesho yake ilikuwa aje na wazee wawili wamkalishe chini wamalizie. Lakini kila aliyekwenda kumalizia, alisema Chang'a, alimkuta Edeltruda ameshaanza kumtazama usoni, na kikuku kimeshaanza kupata moto kabla mtu hajafungua mdomo. Basi wakaulizia sweta. Wakarudi nyumbani.

"Na wewe?"

"Mimi ni mtani. Kazi yangu inaanza msiba ukitangazwa. Msiba wenyewe uko wapi?"

*

"Usimwambie," alisema Daktari Msuya.

Uso wake kwenye kishikwambi ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vya kutosha kwa miaka mingi. Alikuwa mkuu wa kituo cha mkoa, na Lusungu alimheshimu, kwa sababu ndiye aliyesimama mbele ya bunge kutetea hospitali ifungwe wakati madaktari wenzake wakimcheka.

"Daktari, amezikiwa mdogo wake bila kujua. Anamfumia sweta."

"Nimekusikia. Lakini taa ikikaa nyekundu mchana na usiku, sheria hainiachii nafasi. Gari linakwenda, anarudi Wodi ya Akiba kwa uangalizi. Na unajua wakirudi ni wangapi wanaotoka tena."

"Mtu akifiwa taa haiwezi kukaa kijani."

"Haiwezi."

"Kwa hiyo kila mwenye kikuku akifiwa anarudi wodini?"

Daktari alijifikicha macho. "Mashine haijui kufiwa, Lusungu. Inajua mapigo. Tulitaka kulirekebisha hilo, fedha zikaenda kwenye vikuku vya wilaya nyingine."

"Basi niwavue kwa siku za matanga tu. Halafu nawavisha."

"Hapana." Sauti yake ilibadilika. "Sikiliza. Kuna mji mmoja, sitautaja, mhudumu aliwavua watu wa duara siku ya sikukuu ili wapumzike. Kwa nia njema kabisa. Kila mmoja alidhani mwenzake anamwangalia yule mgonjwa. Alikutwa kesho yake, ameshakufa. Nilikuwa nimemtibu tangu akiwa kijana mdogo. Kikuku kikizimwa, hakuna anayejua. Hakuna. Tathmini ya mwaka iko mwezi ujao; akifaulu tunampunguzia masharti, kisha tutamweleza polepole. Huzuni inaweza kusubiri."

Lusungu hakuwa mtu wa kubishana. Shuleni alikuwa akijua jibu na hanyooshi mkono. Alisema, "Sawa, daktari," akazima, akabaki amekaa mbele ya kioo cheusi.

Kila alilosema Daktari lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomkwaza. Angekuwa mtu mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

*

Kesho yake Lusungu hakuangalia taa. Alikaa kwenye mkeka miguuni pa Edeltruda, akashika mikono yake yote miwili pamoja na sindano za kufumia.

"Mama, kuna habari. Nikikuambia, taa itakuwa nyekundu na wanaweza kuja kukuchukua. Nisipokuambia, utabaki hapa. Nimejaribu kuamua mwenyewe, nimeshindwa. Naona si haki yangu kuamua."

Edeltruda alichomoa mikono yake taratibu, akachomeka sindano kwenye donge la uzi.

"Ni Ottilia."

Lusungu aliinamisha kichwa.

"Kwanza mafua. Halafu kifua. Halafu kila mtu ananisifia sweta." Aliangalia ukuta. "Mimi ni mgonjwa, mwanangu. Si mtoto."

"Ulijua?"

"Nilijua nusu. Ile nusu nyingine niliikataa. Nikianza tu kuiwaza, namsikia Mama Joha anaangusha sufuria huko kwake. Ana presha yule. Basi nikajifunza kutowaza. Nafuma, nahesabu vitundu. Kule wodini walikuwa wananipa dawa ili niwe hivi. Hapa nimejifunza bila dawa." Alimgeukia. "Wameshamzika?"

"Wameshamzika, mama. Pole."

Taa ikawa nyekundu.

Lusungu alisikia mashine ya kusaga ikizimwa kwenye kona. Kitu cha bati kilianguka. Mtu alipiga yowe, akafuatia mwingine mbali zaidi, na milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine kuelekea nyumba ile. Mama Joha aliingia akipepesuka. Fundi cherehani alikuwa amejichoma sindano na hajui. Walijaa chumbani, kila mtu ameshika kifundo cha mkono wake, wanalia, wengine wakiwa hawakumjua Ottilia hata kwa picha.

Na Edeltruda, ambaye hakuwa ametoa chozi, aliinuka. Alimkalisha Mama Joha kwenye kigoda chake. Akampa maji. Akampigapiga fundi mgongoni. "Basi, basi," aliwaambia. "Yamekwisha, jamani. Nipo salama. Vuteni pumzi." Alivuta pumzi yeye mwenyewe, ndefu, ya kulazimisha, na Lusungu akaiona taa ikirudi kwenye njano, ikicheza baina ya rangi mbili, mwanamke yule akiusukuma msiba wake chini kama mtu anayekalia sanduku lisilofungika.

"Mama, acha," alisema Lusungu.

"Niache vipi? Huwaoni?" Sauti yake ilipasuka kidogo, watu kumi wakashtuka pamoja. "Nimefiwa mimi, na nawabembeleza mimi! Lusungu, nivue hiki kitu. Wavue na hawa. Nataka kumlilia mdogo wangu bila kuunguza mikono ya watu."

Vikuku vilifunguliwa na kidole gumba cha mhudumu peke yake. Lusungu alikitazama kidole chake. Alimkumbuka yule mtu wa mji usiotajwa, na jinsi kila mmoja alivyodhani mwenzake anamwangalia.

"Nikiwavua," aliwaambia majirani, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hivi kwamba ilibidi wanyamaze wamsikie, "hamtahisi kitu tena. Itabidi mumwangalie kwa macho. Mmoja wenu akidhani mwenzake anaangalia, tumempoteza. Mnanielewa?"

"Vua," alisema Mama Joha.

Alianza na Edeltruda. Vikuku alivitia kwenye beseni la kufulia, kimoja baada ya kingine. Kilipoanguka cha mwisho, kishikwambi chake kiliita, na sauti tulivu ya kituo ikasema kwenye chumba kilichojaa watu hadi mlangoni: "Duara la Mashineni halina mtu. Duara la Mashineni halina mtu."

Edeltruda alifungua mdomo. Kilio kilichotoka kilisikika hadi relini.

*

Turubai lilifungwa kabla ya jua kupanda. Wanawake walileta sufuria na majamvi, wanaume wakapanga mabenchi nje, kuni zikashushwa. Ulikuwa msiba kama misiba mingine, ila kwa wale majirani kumi ambao waligundua hawajui wafanye nini na mikono yao. Walikuwa wamezoea kuambiwa na ngozi. Sasa Mama Joha alilazimika kumtazama Edeltruda usoni na kubahatisha: ana njaa, au anataka kuachwa? Alibahatisha vibaya mara nyingi. Alimletea uji akafokewa, akaurudisha jikoni, na kule jikoni akamwambia Lusungu, kwa mshangao, "Amenifokea," kama mtu aliyepokea zawadi asiyoitegemea.

Alasiri, baada ya chakula, Lusungu aligeuka akaona nafasi ya Edeltruda kwenye jamvi iko wazi.

"Yuko wapi?"

"Si alikuwa na wewe?" alisema fundi.

"Nilidhani yuko na Mama Joha."

Lusungu alitazama chooni, akatazama nyumba ya nyuma, akakimbilia barabarani bila viatu. Watu walianza kuitana. Na katika yale makelele alisikia jambo lililomkasirisha: mashine ya Chang'a ilikuwa inanguruma. Ni nani huyo anayesaga unga mtaani penye msiba?

Alimkuta Chang'a amesimama mlangoni, mgongo kwa mashine, mikono kifuani kama askari wa lindo. Ndani, kinu kilizunguka kitupu. Hakukuwa na punje hata moja.

"Mzee, zima! Mama Mapunda hayupo!"

Chang'a aliweka kidole mdomoni, akaelekeza kichwa ndani, nyuma ya mashine.

Edeltruda alikuwa ameketi juu ya rundo la pumba, kanga kichwani, analia kwa nguvu zake zote. Mngurumo wa mashine ulimeza kila kitu. Ungesimama barabarani usingesikia hata pumzi.

"Aliniomba kelele," alisema Chang'a sikioni mwa Lusungu. "Nimemwambia nitamtazama kwa kisogo, lakini kila baada ya muda nageuka. Sijaondoa mguu hapa."

Lusungu alijiegemeza ukutani. Walisimama hivyo, wote wawili, hadi Edeltruda alipoinuka mwenyewe na kujipangusa pumba.

"Haya," Chang'a alisema, akazima mashine. "Sasa nakuja kumtukana rasmi."

Alikuja amevaa gunia kichwani na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto, akijiburuta, akilia kilio cha uongo kilichowafanya watoto wakimbie huku wanacheka. Alipita katikati ya wanawake, akajitupa chini mbele ya Edeltruda.

"Nimesikia mateka wangu mmoja amekufa bila ruhusa yangu! Nani atanitwangia? Nani kamruhusu?"

Watu walimtazama Edeltruda, wakatazama mikono yao iliyokuwa mitupu. Hakuna kilichowaka.

Chang'a alitambaa hadi kwenye kikapu, akachomoa sweta la rangi ya ugoro. Akalivaa. Mkono wa kushoto ulimfika kwenye kiwiko, wa kulia ukapita vidole ukaning'inia.

"Hili ndilo sweta?" Aliupunga ule mkono mrefu hewani. "Jamani, sasa nimeelewa! Marehemu hakufa kwa kifua. Alisikia sweta hili liko njiani!"

Fundi cherehani alifumba macho. Mama Joha aliacha kupumua.

Edeltruda alimtazama Chang'a, akautazama ule mkono uliokuwa unapunga. Halafu akacheka. Alicheka akainama hadi paji la uso likagusa jamvi, na alipokuwa ameinama hivyo kicheko kikageuka kilio, kisha kicheko tena. Wanawake walimzunguka bila kuambiwa na kitu chochote.

"Mhehe mshenzi," alisema alipopata pumzi. "Vua sweta la dada wa watu. Na nyinyi nyote! Mkono umezidi kiganja kizima, mnaniambia liko sawa?"

"Mimi nilitaka kusema," alinong'ona fundi.

"Ulitaka! Na futi shingoni!"

*

Gari jeupe la kituo liliingia mtaani asubuhi. Afisa aliyeshuka alikuwa kijana, jina lake Mgaya, na alipoona turubai alivua kofia.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," waliitikia.

Alimsogelea Lusungu kwanza, bila kumtazama machoni. "Nimeagizwa nifute kidole chako, dada." Lusungu alimpa mkono. Kifaa kililia mara moja, na kidole gumba chake kikawa kidole kama vingine. Hakulia. Alishangaa kwamba hakulia.

"Na nimekuja kumchukua mgonjwa," aliendelea Mgaya, akigeukia jamvi. "Ni yupi?"

Wanawake walikuwa wamekaa bega kwa bega ndani ya kanga zao, macho yamevimba. Mama Joha hakuwa amechana nywele. Fundi cherehani alikuwa amekesha ameketi na sasa alikuwa akikodolea nguzo. Mgaya alitafuta taa kwenye mikono yao, hakukuwa na taa.

"Chagua," alisema Chang'a.

Mgaya alitoa kipimo cha mkono, akamwekea aliyekuwa karibu zaidi, Mama Joha. Nyekundu. Alikitikisa, akampima fundi. Nyekundu. Lusungu alinyoosha mkono wake mwenyewe bila kuombwa, na nao ukawa vilevile.

"Gari lako lina viti vingapi, kijana?" aliuliza Chang'a.

"Mwacheni," alisema Edeltruda, akainuka. "Mgonjwa ni mimi, baba. Edeltruda Mapunda." Alimpa mkono, kipimo kikaonyesha nyekundu kama kwa wengine. "Kikuku sikukatai. Matanga yakiisha nitavaa, maana ziko siku nakihitaji, naijua hali yangu. Ila ufunguo uwe kidole changu. Kawaambie hivyo. Na wewe ni mtu wa wapi?"

"Njombe."

"Mbena?"

"Ndiyo, mama."

Wabena nao ni watani wa Wangoni; wanawake walianza kucheka kabla hajasema lolote.

"Mtani umekuja kwenye msiba wa Wangoni mikono mitupu, viatu miguuni, unashikashika wake za watu. Chang'a, mpe shoka. Kuni zile hazijipasui."

Mgaya alilitazama shoka, akalitazama gari. Redio ya gari ikakoroma, na sauti ya Daktari Msuya ikasikika, imechoka.

"Mgaya. Umempata?"

Alikwenda, akainua kinasa sauti. "Nimempata, daktari."

"Hali yake ikoje?"

Mgaya aligeuka kuangalia. Edeltruda alikuwa ameshaketi, anafumua ule mkono mrefu wa sweta, na Chang'a amekaa mbele yake amenyoosha viganja viwili kama mateka, uzi ukizungushwa juu yake, analalamika kwamba Wangoni wanamtesa.

"Amefiwa," alisema Mgaya.

Mgaya alisubiri agizo lingine, kisha akakirudisha kinasa sauti mahali pake taratibu, akavua koti, akalitundika kwenye mlango wa gari, akaliendea shoka.